Tope Chini ya Rula

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisi ya maji Karatu, nilikabidhiwa vitu vitatu: mabuti ya mpira yaliyonizidi miguu, kitabu chenye jalada gumu la kijani, na penseli. Mabuti na kitabu nilivielewa. Penseli ilinivunja moyo kidogo. Nilikuwa nimetoka chuoni, na nyumbani Kansay mama alishawatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni mtu wa ofisini. Nilidhani mtu wa ofisini hutembea na kalamu ya wino mfukoni.

Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliona nilivyoishika ile penseli.

"Wino unaogopa maji, bwana mdogo," alisema. "Tone moja la mvua, namba imekimbia. Penseli haikimbii."

Akanifungulia kitabu ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye safu ya tarehe. "Halafu sikiliza. Siku ukifika mtoni ukashindwa kusoma, acha nafasi wazi. Mto umefurika, wewe unaumwa, pikipiki imekufa njiani, acha wazi. Nafasi wazi haina aibu. Aibu ni namba ambayo miguu yako haikuifuata."

Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Niliitikia haraka, kama mtu anayeambiwa afunge mlango.

Kazi yangu ilikuwa fundi wa vipimo vya maji. Ninyi mnaoianza leo mna vifaa vinavyotuma namba kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze tulivyofanya sisi, polepole, kwa maana bila hivyo hamtaelewa kosa langu.

Mahali maji yanapoanza kugawanywa hujengwa ukuta mdogo wa zege unaoitwa banio. Banio hulazimisha sehemu ya maji ya mto kuingia kwenye mfereji wa wakulima. Pembeni mwa banio husimamishwa rula, bamba la chuma lenye mistari na namba. Fundi huingia majini, husogea karibu, husoma uso wa maji umegusa namba gani, huandika. Hicho ni kina. Lakini mkulima hamwagilii kina, humwagilia maji yanayopita. Kwa hiyo tulikuwa na jedwali lililotuambia kwamba rula ikisoma kiasi hiki, basi maji yanayopita ni lita kadhaa kwa kila sekunde. Na jedwali hilo halikuteremka kutoka mbinguni. Lilitengenezwa kwa kuingia mtoni na mita ya pangaboi, kifaa kinachozungushwa na maji ili kuonyesha kasi yake. Mto hubadilika kila mwaka, kwa hiyo kila msimu fundi alitakiwa kurudi na ile mita, apime upya, aone kama jedwali bado linasema kweli. Mwisho wa fomu ya msimu palikuwa na swali moja: Jedwali limehakikiwa? Unaweka alama kwenye Ndiyo au kwenye Hapana.

Kumbukeni swali hilo.

Baada ya Karatu nilihamishiwa upande wa Loliondo, kata ya Soitsambu. Kule hakukuwa na banio wala mfereji. Nilipima visima vya mifugo kwa kuteremsha utepe ndani mpaka uguse maji. Siku ya kwanza kisimani nilimkuta mfugaji mmoja mwenye shuka jekundu na fimbo mabegani, yeye ndiye aliyesimamia zamu za ng'ombe kunywa. Alinitazama nikiteremsha utepe, akatazama kitabu changu, akaanza kucheka.

"Ero," aliniita, yaani kijana, "umekuja kukiuliza kisima kama kina kiu?"

"Napima maji yapo umbali gani, mzee."

"Mimi nitakuambia. Zamani boma la kwanza walikunywa, wakaondoka, boma la pili wakafika, na birika la kunyweshea bado limejaa. Leo boma la kwanza wananyanyua vichwa kungoja. Ng'ombe akinyanyua kichwa, kisima kimechoka. Andika hivyo."

"Serikali haiwezi kuandika kichwa cha ng'ombe, mzee."

"Basi serikali haijachunga."

Jioni nililinganisha utepe wangu na maneno yake. Vilikubaliana. Nikamwandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli: mifugo wanangoja birika lijae. Mkuu wangu wa wakati ule, Mhandisi wa Wilaya, alipokagua kitabu alinisifu kwa mstari huo kuliko kwa namba zote. Nawasimulia hili ili mjue kwamba sikuwa mjinga. Nilifundishwa mapema kuwa watu wanaotumia maji wana vipimo vyao, na vipimo hivyo hustahili kusikilizwa. Yaliyofuata nisiyasingizie ujinga.

Kituo changu cha mwisho, na kirefu kuliko vyote, kilikuwa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi. Aliyefika Baray kiangazi anajua: ukishuka kutoka vilima vyetu vyenye baridi, joto linakupokea kama mlango wa tanuri, vumbi linakufuata, halafu ghafla unakuta kijani. Hicho ni kitunguu, na kitunguu kule ni maji ya mfereji tu. Shamba hugawanywa katika majaruba, vitalu vidogo vyenye kingo za udongo, kila kimoja kikijazwa kwa zamu. Walio karibu na banio hupata kwanza. Walio mwisho wa mfereji, mkiani kama tunavyosema, hupata kilichobaki.

Mkiani ndiko alikokuwa Mama Paskalina. Alikuwa mjane mwenye mwili mdogo na sauti kubwa, katibu wa umoja wa watumia maji. Mwezi wangu wa kwanza alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa banio namwaga maji kutoka kwenye buti.

"Bwana Maji," alisema, "kumbe na wewe yanakuingia?"

"Buti limetoboka, mama."

"Afadhali. Mtu wa maji mkavu simwamini."

Tangu siku hiyo akawa ananitumia vitunguu kila msimu wa mavuno. Tulisalimiana kama ndugu.

Kisha juu ya mto, vilimani, yakafunguliwa machimbo ya dhahabu. Kampuni ilipewa kibali cha kuvuta maji ya mto kwa pampu ili kuoshea mchanga wake. Kibali kilikuwa na sharti moja la kuwalinda wakulima. Kwenye rula yangu ulichorwa mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, machimbo yazime pampu mpaka yapande tena. Mnaona basi: namba niliyoandika asubuhi ndiyo iliyoamua kama pampu itanguruma au itanyamaza.

Msimu wa kwanza wa machimbo maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Msimu wa pili, nikiingia kusoma rula, nilihisi mguu unashuka. Pale palipokuwa na changarawe ngumu sasa palikuwa na tope laini lililoshuka kutoka kwenye mchanga uliooshwa juu. Mwanzoni vifundoni. Baadaye nusu ya muundi wa mguu. Mwisho wake nilikuwa nashikilia ukuta wa banio ili buti lisibaki ndani.

Hapa ndipo pa kueleza kwa makini. Chukua sufuria, weka alama ya nusu, tia maji mpaka alamani. Hayo ni maji ya nusu sufuria. Sasa mwaga, tia mchanga chini, kisha tia maji tena mpaka alama ileile. Alama inasema kama mwanzo, lakini maji si yaleyale. Mto nao ni hivyohivyo. Tope liliinua sakafu ya mto, uso wa maji ukabaki juu ya mstari mwekundu, huku maji yanayopita yakipungua kila wiki. Rula haikuwa na hila. Ilijibu ilichoulizwa. Wa kuuliza lile swali la pili, la mita ya pangaboi, nilikuwa mimi.

Na mita ya kituo chetu ilikuwa imevunjika. Nilipeleka taarifa, nikaambiwa ningoje. Siku moja nilimpigia simu Afisa wa Vipimo, mkubwa wangu aliyekaa mjini.

"Mzee, kuna tope kwenye rula."

"Rula imesogea?"

"Haijasogea."

"Imepinda?"

"Haijapinda, mzee, ila chini..."

"Basi andika inachosema. Na fomu ya msimu usinicheleweshee, wakubwa wanaingoja. Kitabu chako ndicho pekee kisicho na mapengo, usiniangushe."

Nilijaza fomu. Nilipofika kwenye swali la jedwali, mkono ulisimama kidogo. Kuweka Hapana kungenitaka niandike maelezo, na maelezo yangekuja na maswali, na nilikuwa mbioni kupandishwa kuwa msimamizi. Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Msimu uliofuata mkono haukusimama.

Kule mkiani vitunguu vilianza kukauka shingo kabla ya kujaa. Wakulima wakaandika barua kupinga vipimo vyetu. Walisema kitabu cha serikali kinasema maji yapo, lakini mashambani hayapo, na wakaomba pampu izimwe. Kikaitishwa kikao kwenye ukumbi wa kata. Mezani alikaa Mwenyekiti wa kikao, aliyetumwa kutoka juu, na karibu naye mwakilishi wa machimbo mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Mimi niliwekwa kiti cha pembeni, kitabu cha kijani magotini.

Mama Paskalina alisimama na daftari la shule, la mistari, jalada lake limepakwa mafuta ya kupikia.

"Mimi zamu yangu ni asubuhi mpaka adhuhuri," alisema. "Kila zamu nahesabu majaruba yaliyojaa. Kabla ya machimbo, kumi na mawili. Mwaka uliofuata, tisa. Mwaka jana, saba. Sasa ni manne, na la nne linalowa tu, halijai. Nimeandika zamu zote, hizi hapa."

Mwenyekiti alilishika lile daftari kwa vidole viwili. "Mama, jaruba si kipimo. Jaruba moja kubwa, lingine dogo."

"Majaruba yangu ni yaleyale, mheshimiwa. Sijayanenepesha."

Watu wakacheka, hata Mwenyekiti. Kisha akanigeukia. "Fundi, kitabu kinasemaje?"

Nikasimama, nikasoma. Namba zangu zilikuwa juu ya mstari mwekundu, siku baada ya siku, safi, bila pengo.

Mwakilishi wa machimbo akauliza swali moja tu. "Rula imewahi kusogezwa?"

"Haijasogea, mheshimiwa."

Ilikuwa kweli. Ningependa mwelewe kwamba niliyoyasema siku ile yalikuwa kweli tupu.

Mama Paskalina alikuwa bado amesimama. Hakumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

"Bwana Maji, ukiingia majini kusoma, siku hizi unazama mpaka wapi?"

Alikuwa anajua yote. Hakujua jedwali wala mita, lakini alikuwa amesimama ukingoni akiniona navuta buti kwa mikono miwili. Alikuwa amenifungulia mlango, na swali lake lilikuwa la kujibiwa kwa neno moja. Nami nilikuwa na fomu za misimu mitatu zenye saini yangu, zote zimesema Ndiyo.

"Mama," nilisema, "swali hilo si la kitaalamu."

Mwakilishi wa machimbo alitabasamu. Vijana wawili wa nyuma wakacheka kwa nguvu. Mwenyekiti akasema, "Kaa chini, mama, tuendelee." Mama Paskalina alikaa. Alilifunga daftari, akalifuta jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi.

Kikao kiliamua kwamba kumbukumbu za serikali ndizo sahihi. Pampu iliendelea. Msimu ule sikuletewa vitunguu, na sikuwahi kuviona tena.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Nilipandishwa kuwa msimamizi. Niliendelea kusoma rula kwa kuwa sikupewa mtu. Wakulima watatu wa mkiani waliacha kitunguu. Mama Paskalina alipanda mbaazi kwenye majaruba yake, maana mbaazi huvumilia. Tukikutana njiani aliniamkia vizuri, kwa heshima ya umri. Heshima ile iliniumiza kuliko tusi.

Muda wangu wa kustaafu ulipokaribia, aliletwa fundi sanifu mpya, mama wa watoto wawili kutoka Arusha, mwenye mita mpya ndani ya sanduku. Siku ya makabidhiano nilimpeleka banioni. Alivaa mabuti, akaingia, na hatua ya tatu akapiga kelele.

"Mzee! Mbona nazama?"

Alishika ukuta, akachomoa mguu mmoja, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaitazama rula. Akanitazama. Hakumaliza robo saa na ile mita yake akawa na jibu: maji yaliyopita hayakufika nusu ya yaliyosemwa na jedwali. Kwa hesabu hiyo pampu ilitakiwa kuwa imezimwa muda mrefu.

"Tope hili limeanza lini, mzee?" aliuliza, penseli mkononi. "Naomba nijue tangu ukurasa upi."

Nilikuwa na nafasi ya pili, na safari hii hapakuwa na Mwenyekiti wala shati lililonyooshwa. Palikuwa na mwanamke mmoja mwenye adabu aliyesimama kwenye maji.

"Sikumbuki vizuri," nilisema.

Aliandika alichoweza. Tope likachimbwa, jedwali jipya likatengenezwa, na kiangazi kile pampu ilinyamaza. Maji yakarudi mfereji mzima, mkiani nako. Lakini kwenye vitabu, kila kilichotangulia siku ile kilibaki kama nilivyokiandika. Mtu angevifungua wakati ule angeamini kwamba wale wakulima walilalamika bure, na kwamba daftari la yule mama lilikuwa uongo.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa nzuri. Nilivishwa shuka. Afisa wa Vipimo alinyanyua kitabu cha kijani mbele ya watu, akasema, "Katika utumishi wake wote Baray, huyu mzee hakuacha nafasi wazi hata moja." Makofi yakapigwa. Nikamkumbuka Mkuu wa Kituo na penseli yake, nikaangalia chini.

Nimekaa nyumbani Kansay miezi kadhaa nikilima mahindi na kuchunga ng'ombe wangu wawili. Kustaafu ni kuzuri, niwatie moyo, mwili unapumzika. Lakini kumbukumbu haistaafu. Mwezi uliopita niliandika barua kwa fundi sanifu. Nilitaja tope lilianza msimu gani na lilinifikia wapi kila msimu, na nikataja zile alama za Ndiyo. Alinipigia simu.

"Mzee, vitabu vya zamani havifutwi."

"Sitaki vifutwe. Nataka iandikwe pembeni, kila ukurasa."

"Jina lako litakuwepo hapo."

"Ndiyo maana nimeandika barua."

Akasema ataifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa penseli.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Baray. Sikwenda banioni. Nilifuata mfereji mpaka mkiani, nikamkuta Mama Paskalina ameinama akitengeneza kingo. Nusu ya majaruba yalikuwa bado na mbaazi, nusu alikuwa amerudisha kitunguu, miche midogo yenye maji miguuni. Aliponiona aliweka jembe, akanawa mikono kwenye mfereji.

"Karibu, Bwana Maji. Umestaafu, nimesikia."

"Nimestaafu, mama. Nimekuja kujibu swali."

Hakuniuliza swali lipi. Alikwenda kivulini kwenye kapu lake la chakula, akarudi na daftari. Lilikuwa jipya, lakini jalada lake tayari lilikuwa na mafuta. Kumbe hakuacha kuhesabu, hata misimu ya mbaazi. Akalifungua ukurasa usio na maandishi, akanipa pamoja na kalamu ya wino.

"Nazama mpaka magotini, mama," nilisema.

"Nimesikia," alisema. "Sasa andika."

Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho, na wino ulitaka kukimbia. Niliandika polepole, nikaweka tarehe ya kile kikao, si ya siku hiyo. Kisha nikaweka saini.